Dapi Iliyokataa Kutoka Jasho

Maji ya nyanya yangu yalikuwa baridi saa saba mchana, mwezi wa pili, wakati kuku wamelala ubavu kivulini midomo wazi. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolikumbuka kuhusu nyumba yake, karibu na Kendu Bay, mahali unapoweza kunusa ziwa kabla hujaliona. Shule zikifunga tulitoka kwetu Uriri asubuhi, tukapitia Rongo na Homa Bay, na tulipofika koo zilikuwa zimekauka kama ngozi ya ngoma. Nyanya hakungoja salamu. Alichota kwa agwata, kile kibuyu kilichokatwa nusu, akanipa.

"Kunywa kwanza. Maswali baadaye."

Alinijua. Nilikuwa mtoto wa maswali, na swali langu kubwa lilikuwa kile chungu chenyewe. Kwetu chungu cha maji huitwa dapi. Yake ilikaa kwenye kona ya sebule, imezikwa kitako ndani ya mchanga, tumbo pana, shingo nyembamba, na siku zote ilikuwa imelowa kwa nje. Mchanga wake haukukauka kamwe. Mara nyingi punje za mtama zilizoponyoka kwenye ungo ziliota pale chini, majani mawili ya kijani ndani ya nyumba yenye giza.

"Dani," nilimwita, kama tunavyomwita nyanya kwetu, "kwa nini dapi inatoka jasho?"

"Kwa sababu inafanya kazi."

"Kazi gani? Imekaa tu."

"Na wewe umekaa tu, mume wangu. Mbona hutoki jasho?"

Bibi wa Kiluo humwita mjukuu wake wa kiume mume, na utani huo hauna mwisho. Alinituma kuni "kama mume mwenye nguvu", akanikaripia "kama mume mvivu", na jioni akanipa mkia wa samaki, ambao yeye mwenyewe aliupenda kuliko sehemu nyingine yoyote. Lakini swali langu halikujibiwa. Nadhani nilikwenda chuo kikuu nikiwa bado nalidai jibu lile.

Nilisoma kemia, na mwaka wa mwisho nikaingia kwenye mradi wa kuchanganya polima na udongo. Polima ni ukoo mkubwa: plastiki, mpira, gundi, vitu vyote vilivyofanywa kwa nyuzi ndefu ndefu zilizosokotana kama tambi sufuriani. Udongo nao, aina fulani yake, ukiutazama kwa darubini yenye nguvu una matabaka kama chapati iliyokunjwa vizuri kabla ya kusukumwa. Kila tabaka ni jembamba kiasi kwamba unywele ukiwekwa kando yake ungekuwa gogo. Kazi yetu ilikuwa kuyaachanisha matabaka hayo na kuyatawanya ndani ya polima. Ukishindwa, una plastiki yenye uchafu ndani. Ukifaulu, kijiko cha udongo kinageuza tabia ya kopo zima. Plastiki inakuwa ngumu zaidi, inastahimili joto, moto unaipata kwa shida, na juu ya yote, haipitishi kitu. Tone la maji linalotaka kupenya linakuta tabaka, linazunguka, linakuta jingine, linazunguka tena, kama mtu mwenye haraka anayejaribu kuvuka soko la Homa Bay siku ya soko.

Mhadhiri wetu alisema mchanganyiko huu utabadilisha dunia. Niliuliza ni dunia ya nani. Alicheka, lakini hakunijibu, na nikaweka swali hilo pamoja na lile la jasho.

Nilipomaliza chuo nilirudi Uriri kungoja kazi, na kazi haikuwa na haraka ya kuja. Ndipo habari zikatoka Kendu Bay kwamba nyanya ameanguka kanisani. Hakuvunjika kitu. Muuguzi wa zahanati alimpima, akasema mwili wake hauna maji ya kutosha: anywe, anywe mchana kutwa, la sivyo kizunguzungu kitamwangusha pabaya siku nyingine. Baba yangu, ambaye ni mwanawe wa kwanza, aliamua palepale. Akianguka tena anahamia Uriri. Alinituma mimi nikakae naye, na akaniambia nimwambie hivyo waziwazi.

Nikamwambia. Nyanya alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga za osuga.

"Uriri kuna nini?"

"Kuna watu wa kukuangalia, dani."

"Nimeolewa hapa. Mume wangu amelala pale." Alielekeza kwa kidevu kaburi la babu, chini ya bati dogo nyuma ya jiko. "Wewe mume wa pili, hata nyumba huna."

"Basi kunywa maji."

"Maji gani?"

Nilitazama kwenye kona. Dapi ilikuwa kavu. Ufa ulikuwa umeanza karibu na shingo na kushuka hadi katikati ya tumbo, na maji ya kunywa sasa yalikaa kwenye jerikeni la njano karibu na dirisha. Nyanya aliyanywa kama mtu anywaye dawa: mafunda mawili, basi. Alisema ni ya moto, na yana ladha ya ndoo. Ile dapi ilifinyangwa na mama yake mzazi. Alikuja nayo alipoolewa, akaibeba kichwani akiwa bibi harusi, na tangu siku hiyo hakuwahi kunywa kwingine ndani ya nyumba ile. Kwa hiyo shida ilikuwa wazi, tena ndogo. Dapi ikipona, nyanya atakunywa. Akinywa, hataanguka. Asipoanguka, atabaki kwake.

Na mimi nilikuwa na kopo la udongo wa maabara chini ya nguo zangu, mabaki ya mradi niliyopewa siku ya kuagana.

Nilikwenda Homa Bay mjini, nikaingia duka la hadiwea karibu na stendi na kununua gundi ya makopo mawili, ile ya kupaka ndani ya matangi ya maji ya kunywa. Unachanganya kopo la kwanza na la pili, na kuanzia hapo unashindana na muda, kwa sababu inaanza kuganda mikononi mwako. Dapi tuliianika juani juu ya mwamba hadi ikakauka kabisa. Ijumaa alasiri nikakoroga ule unga wa udongo ndani ya gundi. Nikakoroga mpaka bega likaniuma, nikiyaachanisha matabaka nisiyoyaona, na nyanya akiwa amekaa kando akitazama.

"Udongo ndani ya gundi ili kuziba udongo," alisema. "Shule ni kitu kirefu."

Nilikuwa nimepanga kuziba ufa tu. Mstari mwembamba, ndani na nje. Nikaupaka, na ulikuwa mzuri, laini, rangi ya asali. Lakini kopo lilikuwa bado nusu, na jua lilikuwa limeshuka hadi juu ya vilima. Nyanya ni Msabato. Jua likizama Ijumaa, kazi imekwisha hadi kesho yake jioni, na hakuna gundi duniani inayongoja Sabato ipite.

"Hiyo iliyobaki utaiweka wapi?"

"Itaganda. Ni ya kutupa."

"Kutupa?" Alinyanyuka. "Ukuta haukandikwi nusu, nyakwara, mjukuu wangu. Ukikandika pale penye tundu tu, mvua inakuja kwa jirani yake. Paka yote."

"Dani, haihitaji yote."

"Jua linazama. Paka!"

Ningeweza kubisha. Mimi hubisha kwa mengi ya chini ya hapo. Lakini aliyekandika nyumba ile kwa mikono yake tangu ujana alikuwa tayari amechukua kitambaa na anakichovya koponi, na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya kuona kitu cha maabara kikishika kitu cha nyumbani. Tukapaka pamoja, yeye tumbo kwa nje, mimi mkono wangu umezama ndani hadi kwapani. Mwanga wa mwisho ulipopita mlangoni dapi iling'aa kama imetoka dukani leo. Nyanya alinawa kwa mafuta ya taa, akavaa kitambaa cheupe cha kichwa, akaanza kuimba wimbo wa kufungua Sabato. Nikaimba naye. Siamini yote yaliyomo katika nyimbo zile, lakini sauti ya pili naijua.

Jumapili asubuhi tuliijaza. Hakuna tone lililotoka. Nililala chini kifudifudi nikaangalia mchanga: mkavu. Nikampigia baba simu Uriri nikamwambia dapi imepona. Akasema vizuri, anywe sasa, yeye atakuja Jumapili ya wiki mbili mbele ajionee.

Saa saba mchana nyanya alichota, akanywa, akayashika mdomoni kidogo, akatoka nje na kuyatema kwenye mzizi wa mpapai.

"Haya ni ya jerikeni."

"Yametoka kwenye dapi. Umechota mwenyewe."

"Nakwambia ni ya jerikeni."

Sikumwamini. Nilifikiri ni mazoea tu, kwamba mtu akiona kitu kinang'aa kama plastiki ulimi wake unaonja plastiki. Nikachukua vikombe vitatu vya bati vinavyofanana. Kimoja nikatia maji ya jerikeni, kimoja ya dapi, na kimoja nikaenda kuomba kwa jirani mfinyanzi, ambaye dapi yake ilikuwa nzima. Nikamfunga nyanya macho kwa kile kitambaa chake cheupe. Alikubali huku akicheka na kusema wanaume wa siku hizi wana michezo ya ajabu. Akaonja cha kwanza, cha jerikeni. Akakunja uso. Akaonja cha pili, cha dapi yetu. Akakunja uso uleule. Akaonja cha tatu akakinywa chote, na akanyoosha mkono akitaka kingine.

"Hicho ni cha nyieka yangu," alisema. Wake walioolewa boma moja huitana nyieka, na yeye na mfinyanzi waliolewa kwa ndugu wawili. "Na wewe umenitengenezea jerikeni lenye shingo ya dapi."

Nikaiweka mikono yangu yote miwili juu ya lile tumbo linalong'aa. Lilikuwa na joto kama ubao wa mlango. Hapo, nikiwa nimeinama kwenye kona niliyoijua tangu utotoni, lile swali langu la kwanza likajibiwa, tena kwa aibu ya wazi mno. Jasho ndilo kazi yenyewe. Maji hupenya taratibu katika vitundu vya udongo, yanafika nje, yanakauka, na yakikauka yanachukua joto la wenzake waliobaki ndani. Dapi isiyovuja hata kidogo haina cha kupozea. Nilikuwa nimepaka juu yake kitu ambacho sifa yake kubwa, ile tuliyoipima na kushangilia maabara, ni kutopitisha chochote.

Nilianza kwa msasa. Nikasugua asubuhi nzima, na nilichopata ni kiraka kisichozidi kiganja. Gundi ya kawaida ingekwanguka, lakini hii ilikuwa na udongo wangu ndani yake, nami nilikuwa nimekoroga vizuri. Sijawahi kuchukia kazi nzuri namna ile.

"Motoni basi," alisema mfinyanzi, aliyekuja kutazama kituko. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye vumbi jekundu la kudumu kwenye visigino. Siku hizo alifinyanga zaidi vyungu vya maua kwa wenye hoteli. "Gundi si itaungua?"

"Itaungua," nilisema. "Lakini gundi ndiyo inashika ufa. Ikiungua, hakuna kinachoshika."

Sote wawili tulimtazama nyanya. Aliitazama dapi ya mama yake. Kisha akasema, "Hapo ilipo imekufa tayari. Ipelekeni."

Mfinyanzi alikuwa na vyungu vya kuchoma wiki ile, kwa hiyo tukaiweka kati ya vyungu vya maua, tukapanga kuni, majani makavu na mavi ya ng'ombe. Vyungu vingine vilifuata njia yao, vikawa vyeusi, kisha vyekundu. Yetu ilitoa moshi mzito, ikafanya ganda jeusi, na ganda likakataa kuungua.

"Chungu chenu kina kiburi," mfinyanzi alisema, akikohoa na kukimbia upepo. "Kinakataa moto!"

Nilijua kwa nini. Matabaka yale ya udongo hujikusanya juu polima inapoungua, yanafanya ngao, na moto unazuiwa nje. Hiyo nayo ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi wangu, kati ya faida. Tukaongeza kuni. Moto ulipokufa na jivu kupoa, mfinyanzi aliishika kwa shingo na kuinua, shingo ikaja peke yake. Tumbo lilibaki jivuni, vipande vitatu.

Nyanya alichukua kipande kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole upande wa ndani ambapo bado ungeweza kuona alama ya kiganja, ndogo kuliko chake. Mimi nilitazama pembeni, kwenye ziwa.

Kisha akamwambia mwenzake, "Nyieka, una udongo?"

"Upo."

"Basi huyu mume wangu atatwanga."

Nikapewa kinu. Wafinyanzi wa kwetu hawafinyangi kwa udongo mtupu. Chungu kilichovunjika hutwangwa, kikachekechwa, na ule unga mkwaruzi ukachanganywa na udongo mbichi. Nilitupa sehemu zote zenye ganda jeusi, nikatwanga zilizobaki, na kama kawaida nikauliza.

"Kwa nini mnatia vigae?"

"Ili kisipasuke," mfinyanzi alijibu.

"Na kwa nini hakipasuki?"

"Si nimekwambia tumetia vigae?"

"Ili kipya kijifunze kwa cha zamani," nyanya alisema.

"Dani, udongo haujifunzi."

"Wewe ulijifunza, na ulikuwa mgumu kuliko udongo."

Walicheka mpaka mfinyanzi akashika mbavu. Sikukubali jibu lolote kati ya hayo mawili, na hadi leo sikubali. Chembe zile hazisinyai chungu kinapokauka, kwa hiyo zinapunguza mvutano, na ufa mdogo ukianza unagonga chembe, unakata kona, unachoka. Ni hesabu ileile ya maabara, kwa chembe kubwa zaidi. Lakini nilitwanga kwa uangalifu nisioujua maabara. Nilijua kilichomo ndani ya kinu.

Dapi mpya ilihitaji kukauka polepole kivulini kabla ya moto, na kizunguzungu hakikuwa na subira hiyo. Jumamosi nyanya aliyumba akitoka kanisani, nikamshika kiwiko. Hakuanguka, lakini alinitazama haraka kuona kama nitamwambia baba. Jioni ile Sabato ilipotoka nilitafuta gunia la katani, nikalilowesha, nikalivalisha lile jerikeni la njano, nikaliweka kwenye upenyo wa upepo kati ya nyumba na jiko. Kila gunia lilipokauka nililimwagia maji. Maji ya ndani yalikuwa baridi. Si baridi ya dapi, lakini baridi. Nyanya alionja, akatafuta kasoro.

"Yana harufu ya gunia."

"Lakini?"

"Lakini nitakunywa." Akanywa kikombe kizima, akakirudisha. "Umemvalisha jerikeni gauni. Sasa anatoka jasho kama mtu."

Hivyo ndivyo tulivyovuka siku zile: mimi nikilowesha gunia, yeye akinywa na kulitukana. Gundi niliyokwangua kwenye kuta za kopo Ijumaa ile kabla haijaganda nilikuwa nimepaka kwenye pipa lake la kukinga maji ya mvua, lililokuwa na tundu la kutu. Pipa hilo halijavuja hadi leo. Pale ambapo kazi ni kutopitisha, ule mchanganyiko hauna mfano, na ningeusifu mbele ya mtu yeyote.

Dapi mpya ilitoka motoni siku chache kabla ya baba kuja. Nyekundu, na doa jeusi upande mmoja moto ulipoilamba. Tuliijaza, tukamwaga maji ya kwanza yenye vumbi. Tukaijaza tena na kuizika kwenye mchanga uleule, kona ileile. Nyanya hakuonja siku hiyo. Alisema iachwe izoee nyumba. Nilitaka kubisha kwamba chungu hakizoei nyumba, nikanyamaza. Asubuhi niliamka nikaigusa. Mkono ulitoka umelowa.

Baba alifika Jumapili mchana, suti ya kanisani begani, shati limemganda mgongoni. Mkononi alikuwa na begi kubwa tupu. Hakulieleza, na halikuhitaji maelezo. Nyanya aliliona, akalipita, akaenda moja kwa moja kwenye kona.

"Kunywa kwanza," alimwambia. "Maswali baadaye."

Baba alipokea agwata kwa mikono miwili, akiwa amesimama. Akanywa. Nilimwona akisita katikati, macho yakiwa juu ya ukingo wa kibuyu, akiitazama ile kona kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Akamaliza. Akafuta mdomo.

"Mama, wewe unakunywa haya?"

Nyanya akaichukua agwata mkononi mwake, akachota, akanywa yote mbele yake bila kupumzika, matone mawili matatu yakimtiririka kidevuni, kisha akakigeuza kibuyu chini juu kumwonyesha.

Baba alilisukuma lile begi kwa mguu hadi nyuma ya kiti. Halafu akanyoosha mkono kuomba tena.

Nyanya aliishi pale miaka yake yote iliyobaki, na sasa amelala nyuma ya jiko, upande wa babu. Dapi iko bado kwenye kona. Nikienda kufungua nyumba ipate hewa huijaza, hata kama nitalala usiku mmoja tu, na kabla sijaondoka hupapasa mchanga chini yake. Safari iliyopita kulikuwa na mtama umeota, majani mawili. Sijui punje ilitoka wapi, maana hakuna aliyepepeta mtama katika nyumba ile tangu aondoke. Nimeliuliza sana swali hilo. Sikuung'oa.